Maisha ya Samuel Morse

Muhula uliopita nilianza kujifunza kuandika programu za kompyuta. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutengeneza chombo cha kupigia alama za Morse: naandika neno, na kengele ndogo inalitamka kwa milio. Ndipo nikataka kumjua mwenye jina hilo.

Samuel Morse alizaliwa Marekani mwaka 1791, na kazi yake ilikuwa kuchora picha. Mwaka 1825 alikuwa Washington akimchora jemadari Lafayette, mkewe akafariki nyumbani New Haven. Barua ilichelewa njiani, na Morse alipofika alikuta mkewe amekwisha kuzikwa.

Mwaka 1832, akiwa melini kutoka Ulaya, alisikia mazungumzo juu ya umeme, akaanza kufikiri namna ya kupeleka habari kwa waya. Alitaabika miaka 12, akisaidiwa na Alfred Vail. Tarehe 24 Mei 1844 habari ilitoka Washington ikafika Baltimore papo hapo. Morse alifariki mwaka 1872.

Chombo changu nacho kilinitaabisha. Nukta ni kipimo kimoja na kistari ni vitatu, lakini nilisahau kuacha kimya cha vipimo vitatu baina ya herufi. Basi E na T zilisikika kama A, na mwenzangu hakuelewa neno hata moja. Siku ya pili nilitaka kuacha. Nilipoikumbuka miaka ile 12 niliona haya, nikarudi nikatafuta kosa mpaka nikaliona.

Ndugu zangu, tusikate tamaa upesi.