Abunuwasi: Mwana wa Askari Aliyezikejeli Hadithi za Wazee

Ni nadra kumpata mtu aliyelelewa katika pwani hii, tokea Kismayu na visiwa vya Wabajuni vya Koyama, Chovai na Chula hata huko kusini, asiyelijua jina la Abunuwasi. Wengi wetu utotoni tulidhani kuwa ni mtu wa kubuniwa, kama sungura. La hasha. Aliishi, na baba yake alikuwa askari.

Jina lake halisi lilikuwa al-Hasan bin Hani. Alizaliwa Ahwaz, Uajemi, karibu na mwaka 756. Babaye alitumikia jeshi la Marwan wa Pili, khalifa wa mwisho wa ukoo wa Umayya, aliyepinduliwa na kuuawa mwaka 750. Basi huyu ni mwana wa askari wa jeshi lililoshindwa. Mamaye alikuwa Mwajemi. Akingali mtoto alipelekwa Basra, mji ambao kwa karne nyingi majahazi yake yaliiletea pwani yetu tende pamoja na visa. Huko alihifadhi Kurani na kusomea ushairi. Inasimuliwa kuwa mwalimu wake, Khalaf al-Ahmar, alimwamuru ahifadhi mashairi elfu moja ya wahenga, kisha ayasahau yote kabla ya kutunga lake la kwanza.

Desturi ya washairi wa Kiarabu ilikuwa kuanza kwa kusimama jangwani penye mabaki ya kambi ya mpenzi aliyehama na kuyalilia mawe. Abunuwasi, mtu wa mjini, aliicheka desturi hiyo waziwazi: mahali pa machozi akaweka habari za mivinyo, ulevi ambao sisi hatuusifu. Lakini aliweza kuikejeli desturi kwa sababu aliijua kuliko walioitetea.

Visa vyetu vimeihifadhi tabia hiyo. Katika ngano ya Sultani Darai, paa mwenye kusema anamtajirisha maskini, na msikilizaji hatakiwi kuuliza. Katika kisa cha Abunuwasi hakuna paa wala jini. Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria ndani yake, akisema imezaa. Jirani anaisadiki ajabu hiyo kwa kuwa ina faida. Mara ya pili anaambiwa sufuria imekufa, naye anakwenda kushtaki! Ajabu ya ngano imegeuzwa kuwa mtego wa tamaa. Siku hizi wako waandishi wanaosifiwa kwa kuupindua utaratibu wa hadithi, kama Euphrase Kezilahabi katika Nagona ya mwaka 1990, nao wanastahili sifa. Lakini jambo lenyewe mabibi zetu walikuwa wakilisimulia gizani kabla ya kulala.

Hata hivyo, maisha yake hayakufanana na visa. Katika visa Abunuwasi humshinda Harun Rashidi kila mara, akatoka na zawadi. Katika maisha, Harun, aliyetawala tokea 786 hata 809, alimtia gerezani. Mwaka 803 khalifa aliwaangamiza mawaziri wake wa ukoo wa Barmaki. Abunuwasi akawatungia maombolezo, jambo la hatari, akalazimika kukimbilia Misri. Alirejea Baghdad al-Amin aliposhika utawala, akawa mwandani wake. Naye al-Amin pia akamfunga.

Ndipo ndugu wawili, al-Amin na al-Maamun, walipopigana. Majeshi ya al-Maamun yaliuzingira Baghdad tokea 812, na mwaka 813 al-Amin akauawa. Kwa mara ya pili nyumba ya Hani ilikuwa upande ulioshindwa. Mshairi alifariki muda mfupi baadaye, karibu na mwaka 814. Wengine walisema alifia gerezani, wengine kwa sumu, wengine nyumbani mwa muuza mvinyo. Alizikwa Baghdad, mji ambao hata leo una barabara yenye jina lake kando ya mto Tigris.