Hemingway: Mwandishi aliyempima mtu kwa namna anavyoukabili woga

Na Mwandishi Wetu

JANUARI 1954, magazeti ya nchi mbalimbali yalitangaza kifo cha mwandishi Mmarekani, Ernest Hemingway. Ndege ndogo aliyopanda ilikuwa imeanguka karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda. Siku iliyofuata, ndege iliyokuja kumchukua ilishika moto ikijaribu kuruka Butiaba. Hemingway alinusurika mara zote mbili akiwa na majeraha makubwa, akazisoma tanzia zake mwenyewe.

Jinsi mtu anavyopaswa kukikabili kifo ndilo swali lililoitawala kazi yake.

Alizaliwa Julai 21, 1899, Oak Park, jirani na Chicago, akiwa mtoto wa daktari. Mwaka 1917 aliajiriwa kuwa ripota wa gazeti la Kansas City Star, na mwaka uliofuata alijitolea kuendesha magari ya wagonjwa ya Msalaba Mwekundu nchini Italia. Julai 8, 1918, kabla hajatimiza miaka 19, kombora la Waaustria lilimjeruhi vibaya miguuni.

Katika hadithi fupi alizoandika baadaye, dunia haimwahidi mtu haki wala maana. Kinachobaki mikononi mwake ni mwenendo: kuifanya kazi yake vizuri, kutolalamika na kutokimbia. Katika A Clean, Well-Lighted Place ya mwaka 1933, mhudumu wa mkahawa nchini Hispania hapendi kufunga mapema, kwa kuwa anajua wapo watu wanaohitaji mahali safi penye mwanga ili waumalize usiku kwa heshima.

Hemingway hakujiita mwanafalsafa. Hata hivyo, mawazo hayo yanakaribiana na falsafa ya udhanaishi iliyovuma Ufaransa kupitia Jean-Paul Sartre na Albert Camus, na ambayo wasomaji wa Kiswahili waliikuta katika riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, mwaka 1974.

Desemba 1933 aliteremka Mombasa na mkewe, Pauline, kwenda kuwinda Kenya na Tanganyika. Akiwa mbugani aliugua ugonjwa wa kuhara damu, akasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi kutibiwa.

Safari hiyo ilizaa hadithi mbili za mwaka 1936. Katika The Snows of Kilimanjaro, mwandishi anakufa kwa donda ndugu huku akijutia hadithi ambazo hakuwahi kuziandika. Katika The Short Happy Life of Francis Macomber, tajiri anamkimbia simba mbele ya mkewe. Kesho yake anasimama imara mbele ya nyati, kisha risasi ya mkewe inamuua. Furaha yake ni ya muda mfupi alioishi bila woga.

Oktoba 1954 Hemingway alitunukiwa Nobel ya Fasihi, lakini afya haikumruhusu kwenda Stockholm. Maumivu, pombe na sonona vilimwandama. Julai 2, 1961 alijiua nyumbani kwake Ketchum, Idaho, akiwa na miaka 61. Baba yake naye alijiua mwaka 1928.

Wapo wanaosema kifo hicho kiliivunja kanuni aliyowawekea wahusika wake. Lakini alikuwa mgonjwa, aliyelazwa hospitalini mara mbili na kutibiwa kwa mishtuko ya umeme, na ugonjwa si woga. Macomber alikimbia siku moja, akasimama siku ya pili, na mwandishi wake hakumhukumu kwa siku moja tu. Naye Hemingway anastahili kipimo hichohicho.