Rayhan bin Salih, Mtumwa Mchukuzi wa Unga

Karne ya 3 ya Hijra, matajiri wa Basra walikuwa na maelfu ya watumwa, wengi wao Wazanji, wakikwangua chumvi mashambani. Unga wao uliletwa na Rayhan bin Salih, naye mtumwa vilevile. Habari zake zimo katika Tarikh ya Tabari.

Mwaka 255 Hijria (869) alikamatwa njiani na watu wa Ali bin Muhammad. Aliulizwa hali ya mji, na posho ya kila mtumwa. Akaahidiwa ujemadari juu ya wote atakaowaleta. Akala yamini, akapeleka unga wake, kisha akarudi. Ndiye wa kwanza kujiunga katika watumwa wale. Bendera yao iliandikwa aya ya 111 ya Surat Tawba, inayotaja kuwa Mwenyezi Mungu amenunua nafsi za waumini. Kwa aliyenunuliwa na binadamu, neno hilo lilikuwa zito.

Vita vilidumu miaka 14. Basra ilivunjwa mwaka 871, damu ikamwagika, na waliokuwa watumwa wakamiliki mateka. Mwishoni mwa 267 (881) Rayhan aliomba amani kwa al-Muwaffaq; akavishwa joho, akapitishwa chomboni wenzake wamwone.

Nasi Kenya tumeyaona hayo. Miaka ya 1950, Nyeri na Karatina, waliotoka msituni kwa Mau Mau nao walitumiwa kuwavuta wenzao. Anayemwita Rayhan msaliti aikumbuke kwanza ile miaka 12 aliyokaa vitani, na mzigo wa unga alioutua.