Henry Armstrong na Somo la Kutu

Kila inapozungumzwa njia ya kufundisha sayansi kwa ugunduzi, jina la Henry Edward Armstrong halikosi kutajwa. Mara nyingi hutajwa kwa pupa, kana kwamba alitaka watoto waachwe peke yao na chupa na moto. Maisha yake yaonyesha vingine kabisa.

Armstrong alizaliwa Lewisham, karibu na London, mwaka 1848. Alisoma kemia jijini London, kisha akaenda Leipzig, Ujerumani, kwa Profesa Hermann Kolbe, na huko akapata shahada ya udaktari. Aliporejea nyumbani alifundisha wanafunzi wa uganga katika hospitali ya St Bartholomew, na baadaye akawa mwalimu wa mafundi wa Finsbury na wahandisi wa South Kensington. Alichunguza sana naftalini, ile ile tunayoiweka sandukuni ili kufukuza nondo, nayo ilikuwa na thamani kubwa kwa watengenezaji wa rangi za nguo. Mwaka 1876 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society.

Kilichomkera ni kwamba wanafunzi walijua maana za maneno na orodha za dawa za maabara, lakini hawakujua kuuliza swali wala kulitafutia jibu. Mwaka 1884, katika mkutano wa elimu uliofanyika London, alitoa hoja kwamba sayansi ifundishwe shuleni kama njia ya kufikiri. Mpango wake wa masomo ulichapishwa katika taarifa za Chama cha Uingereza cha Maendeleo ya Sayansi za mwaka 1889 na 1890.

Tutazame somo lake moja. Kwa nini chuma hupata kutu? Mwalimu hajibu. Watoto hupima uzito wa vipande vya chuma, huvilowesha na kuviacha vishike kutu, kisha huvikausha na kuvipima tena. Uzito umeongezeka! Basi kuna kitu kimeingia, kimetoka wapi? Huweka chuma kilicholowa ndani ya chupa iliyofudikizwa juu ya maji. Baada ya siku kadhaa maji hupanda hadi kujaza kiasi cha sehemu moja ya tano ya nafasi ya hewa, kisha husimama. Hewa iliyobaki hujaribiwa kwa mshumaa, nao huzimika. Hivyo mtoto hufikia oksijeni kabla ya kulisikia jina lake. Kila hatua huandikwa daftarini papo hapo, kwa maneno ya mtoto mwenyewe.

Mwanachuo aangalie jinsi somo hili lilivyopangwa. Swali limechaguliwa na mwalimu, vifaa vimetayarishwa, na kila jibu huzaa swali linalofuata. Mwalimu wa namna hii hufanya kazi kubwa kuliko yule anayeandika maelezo ubaoni ili yanakiliwe.

Katika miaka ya 1890 wanafunzi wake wawili, Hugh Gordon na W. M. Heller, waliipeleka njia hiyo katika shule za watoto wa kawaida za London, wakiwafunza walimu wenyewe kutumia mizani. Hili, kwa maoni yangu, lilikuwa na uzito kuliko hotuba zote za Armstrong. Mwaka 1903 alikusanya maandishi yake katika kitabu kuhusu ufundishaji wa njia ya kisayansi.

Lawama hazikukosekana. Njia ilikula muda mwingi, na katika shule nyingi iligeuka kuwa kupima na kupima bila swali lolote. Mwaka 1918 kamati ya serikali iliyoongozwa na J. J. Thomson iliikosoa waziwazi. Lawama hiyo ilikuwa na haki, ingawa iliwagusa zaidi wafuasi walioishika mizani wakaliacha swali.

Armstrong mwenyewe alikuwa mtu mkali, mpenda mabishano. Idara yake ya kemia huko South Kensington ilipoamuliwa kufungwa, mwaka 1911, alibaki bila kazi ya kufundisha, lakini kalamu hakuiweka chini. Jambo la kushangaza ni kwamba mtu huyu aliyewataka watoto wafuate ushahidi po pote unapowapeleka, aliikataa nadharia ya Arrhenius kuhusu ayoni, yaani chembe zenye umeme ndani ya maji ya chumvi, hata baada ya wanakemia karibu wote kuikubali. Alikuwa bado anaipinga alipofariki Julai 1937, akiwa na umri wa miaka 89.