Muybridge, mtu aliyeonyesha jinsi farasi anavyokimbia

Leo daktari wa mifugo humpiga video farasi anayechechemea, kisha huitazama polepole, mguu baada ya mguu. Njia hiyo ilifunguliwa na Mwingereza mmoja aliyefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Eadweard Muybridge alizaliwa tarehe 9 Aprili 1830 mjini Kingston upon Thames, karibu na London. Wazazi walimwita Edward James Muggeridge. Jina alilibadilisha baadaye. Akiwa kijana alihamia Marekani, akauza vitabu San Francisco. Mwaka 1860 gari la farasi alilopanda lilipata ajali huko Texas, akaumia vibaya kichwani. Alirudi Uingereza kutibiwa. Aliporejea California mwaka 1867 alikuwa mpiga picha.

Mwaka 1872, Leland Stanford, tajiri wa reli aliyewahi kuwa gavana wa California, alimpa swali: farasi akikimbia, kuna wakati miguu yote minne huacha ardhi? Jicho la mtu haliwezi kuona. Wachoraji walizoea kumchora farasi akiwa hewani, miguu imenyooshwa mbele na nyuma.

Kazi ilikatika. Oktoba 1874 Muybridge alimpiga risasi na kumwua Harry Larkyns, mpenzi wa mke wake. Februari 1875 mahakama ilimwachia huru, akaenda Amerika ya Kati. Mke alifariki mwaka huohuo, na mtoto akapelekwa kituo cha yatima. Hapo hatuna la kumsifu.

Juni 1878, huko Palo Alto, alipanga kamera 12 kando ya njia na kutandaza nyuzi. Farasi alipokata uzi, kamera ilipiga picha. Jibu likapatikana: miguu yote huacha ardhi kweli, lakini katika mbio za kasi hutokea ikiwa imekunjwa chini ya tumbo. Wachoraji walikuwa wamekosea. Mwaka 1879 alitengeneza mashine ya kuonyesha picha zikitembea ukutani, kabla ya sinema.

Mwaka 1882 Stanford alitoa kitabu kuhusu farasi hao, na jina la Muybridge halikuwa kwenye ukurasa wa kwanza. Wataalamu wa London walimtilia shaka kwamba kazi si yake. Alimshtaki Stanford, akashindwa. Lakini hakukaa kulia. Alianza upya katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na mwaka 1887 alitoa kurasa 781 za picha za watu na wanyama wakitembea, safari hii kwa jina lake.

Mwaka 1894 alirudi Kingston kuishi. Alifariki huko tarehe 8 Mei 1904, akauachia mji wake vifaa vyake.

Ndugu msomaji, mfanyabiashara wa mpakani anajua kwamba mzigo usio na jina lako kwenye karatasi ni rahisi kupotea. Nasi tuliosomea ugenini tunajua cheti kisicho na jina sahihi kinavyosumbua. Fanya kazi, lakini hakikisha jina lako limeandikwa.