Manute Bol, mtu wa benchi aliyezidi bei yake

NYAKARENZO, Rusizi – Kila mwaka mwezi wa Februari unapokaribia, mashabiki wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, huwa na ubishi mmoja. Msimu uko katikati na wachezaji wa kwanza wamechoka. Timu imtoe nani na imchukue nani ili benchi lake lipate nguvu? Ubishi huo unafika hadi Nyakarenzo, tarafa ya wilaya ya Rusizi, karibu na masoko ya Kamembe na Bukavu. Mfanyabiashara wa mpakani anauelewa upesi, maana ni hesabu yake ya kila siku: bidhaa ipi aibadilishe kwa ipi, na nani atajuta jioni.

Katika hesabu hiyo, Afrika Mashariki ina mtu wake. Ni Manute Bol, Mdinka wa Sudan Kusini, aliyefariki mwaka 2010. Kwa miaka kumi alipita katika timu nne za NBA, na kila moja ilikuwa na mawazo yake kuhusu thamani yake.

Hati zake zinaonyesha kuwa alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1962. Kwao ni Turalei, katika nchi ya ng'ombe, na utotoni alikuwa mchungaji. Mpira wa kikapu aliujua akiwa kijana, kwanza Wau kisha Khartoum. Urefu wake ulikuwa sentimita 231. Kocha Mmarekani Don Feeley, aliyefika Sudan kufundisha, alimwona na kumfungulia njia. Mwaka 1983 Bol alikwenda Marekani, na baadaye akacheza msimu mmoja katika Chuo Kikuu cha Bridgeport. Mwaka 1985 timu ya Washington Bullets ilimchagua akiwa wa 31 katika orodha ya wachezaji wapya. Kwa maneno ya sokoni, alinunuliwa bei ya chini.

Msimu wake wa kwanza uliwashangaza wengi. Alizuia mitupo 397, akaongoza ligi nzima. Hadi leo hakuna mchezaji mgeni wa NBA aliyefikia idadi hiyo. Lakini upungufu wake nao ulionekana mapema. Alikuwa mwembamba mno, wenye miili mizito walimsukuma chini ya kikapu, na kufunga kulimshinda.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Je, mtu anayejua kazi moja tu anastahili nafasi? Makocha walijibu kwa kumpa muda mfupi. Mechi ya NBA ina dakika 48, naye kwa wastani alicheza chini ya dakika 19. Aliingia kuufunga mlango, kisha akarudi kukaa.

Mwaka 1988 Washington ilimpeleka Golden State Warriors. Ilipewa mchezaji mmoja, Dave Feitl, pamoja na haki ya kuchagua kijana mmoja katika raundi ya pili. Msimu uliofuata Bol aliongoza tena ligi kwa kuzuia mitupo 345. Aliyeuza alikuwa ameharakisha. Huko kocha Don Nelson alimruhusu kurusha kutoka mbali, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwa mtu mrefu kiasi hicho.

Mwaka 1990 bei yake ilipanda. Philadelphia 76ers ilimchukua kwa kutoa nafasi ya raundi ya kwanza. Mwezi Machi 1993, katika mechi dhidi ya Phoenix, alifunga mitupo sita ya pointi tatu ndani ya kipindi cha pili peke yake. Hata hivyo mwili ulikuwa umeanza kuchoka.

Msimu wa 1993-94 alivaa jezi tatu: mechi nane Miami, mbili Washington, nne Philadelphia. Jumla ni mechi 14. Katika timu mbili za mwisho kazi yake kubwa haikuwa tena uwanjani. Washington ilikuwa na jitu changa, Gheorghe Mureșan, na Philadelphia ilikuwa na Shawn Bradley, nao walihitaji mtu wa kuwaonyesha namna ya kuutumia urefu. Timu zilimleta mtu wa benchi ili awafundishe waliokuwa wakipanda. Msimu uliofuata alicheza mechi tano Golden State, goti likaumia, na safari yake ya NBA ikaishia hapo. Hesabu yake ilifungwa kwa mechi 624, mitupo 2,086 aliyozuia na pointi 1,599 alizofunga. Alizuia zaidi ya alivyofunga.

Fedha alizopata hazikukaa mfukoni. Tangu 1983 kusini mwa Sudan kulikuwa na vita, na ndugu zake wengi walikuwa wakimbizi. Alitembelea kambi zao na kuchangia kwa mkono wake. Inakadiriwa kuwa alitoa dola milioni 3.5. Baadaye alirudi Khartoum akitarajia amani, lakini maisha yakawa magumu na kutoka nchini kukawa shida. Alipita Cairo, na mwaka 2002 akaingia tena Marekani, safari hii kama mkimbizi. Alikubali hata kupigana ngumi kwenye televisheni ili mfuko wake wa kuwasaidia watoto wa Sudan ujulikane. Mwaka 2004 ajali ya gari ilimvunja shingo, lakini alipona na kuendelea kutafuta fedha za kujenga shule Turalei.

Alifariki tarehe 19 Juni 2010 huko Charlottesville, Virginia, kwa maradhi ya figo na ugonjwa mkali wa ngozi, muda mfupi baada ya kutoka Sudan. Alizikwa Turalei. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011, na mwaka 2016 ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hakuyaona hayo.

Kazi yake iliendelea kwa wengine. Huko Misri aliwahi kuwafundisha mpira watoto wa familia moja ya wakimbizi Wadinka. Mmoja wao, Luol Deng, alikuja kuwa nyota wa NBA na kisha rais wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini. Mwaka 2021 nchi hiyo ilicheza AfroBasket kwa mara ya kwanza, tena mjini Kigali, mji ambao msafiri wa Rusizi huufikia kwa basi kupitia msitu wa Nyungwe. Ilifika robo fainali. Mwaka 2024 ikaifunga Puerto Rico 90 kwa 79 katika Olimpiki ya Paris.

Mwanawe Manute, Bol Bol, naye ameonja mizani hiyo hiyo. Mapema mwaka 2022, katikati ya msimu, alitolewa Denver kwenda Boston, na kabla mwezi haujaisha akapelekwa Orlando. Alikuwa mchezaji wa benchi, na mashabiki walibishana kuhusu thamani yake kama walivyobishana kuhusu baba yake.