Dorothea Lange: Aliyewapiga picha wajenzi wa meli wakitoka zamu

Wengi wenu mmeshaiona ile picha ya mama Mmarekani mwenye uso wa mawazo, watoto wake wakijificha mabegani mwake. Aliyeipiga mwaka wa 1936 ni Dorothea Lange. Wanaomtaja huishia hapo, ilhali kazi aliyofanya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ni moto vilevile.

Dorothea alizaliwa mwaka wa 1895 mjini Hoboken, New Jersey. Akiwa na miaka 7 aliugua polio, akabaki akichechemea maisha yake yote. Mwaka wa 1918 alifika San Francisco, akafungua studio ya kuwapiga picha wenye pesa. Uchumi ulipoporomoka aliwaacha, akawafuata maskini barabarani.

Mnamo 1942 serikali ilimpa kibarua cha kupiga picha Wamarekani wenye asili ya Japani wakihamishiwa kambini. Wakubwa jeshini hawakuzipenda hata kidogo, wakazificha. Ziliwaonyesha watu wasio na hatia, mizigo mkononi.

Basi akaenda Richmond, ambako Henry Kaiser alikuwa na viwanja vinne vya kuunda meli. Mji huo ulikuwa na watu karibu 24,000 mwaka wa 1940. Baada ya miaka michache walipita 90,000. Kazi ilienda usiku na mchana, zamu tatu. Meli moja iliundwa kwa siku zisizotimia tano, hebu fikiria! Nyumba hazikutosha, na kuna waliolala kitanda kimoja kwa zamu.

Mabango ya serikali yalijaa wafanyakazi wenye tabasamu. Dorothea yeye alisimama langoni zamu zikibadilishana. Akawanasa wanawake waliochomelea vyuma wakiwa na ovaroli zao, watu weusi waliotoka Kusini kutafuta riziki, na nyuso zilizochoka ambazo hata haziangalii kamera. Mwaka wa 1944 yeye na Ansel Adams waliufuatilia mji huo kwa niaba ya jarida la Fortune.

Vita vilipoisha, vidonda vya tumbo vilimlaza miaka kadhaa. Alifariki Oktoba 1965, akiwa bado anaandaa maonyesho yake makubwa ya New York, ambayo yalifunguliwa miezi michache baadaye. Hazina ya picha zake sasa iko katika makumbusho ya Oakland, si mbali na Richmond.